Udongo wa matumbawe umeshika fosforasi: hawa bakteria wa chupa wanaifungua kweli?

#1 Shanzu_Shambani
Salaam jamaa. Nalima kipande Shanzu, upande wa juu wa barabara ya Malindi. Udongo ni haba, jembe halizami hata kiganja kabla halijagonga jiwe. Mahindi ya masika yalitoka vizuri, kisha yakadumaa, majani ya chini yakaingia zambarau kwenye kingo. DAP (mbolea ya dukani yenye fosfati) niliweka shimoni wakati wa kupanda. Majibu ya maabara yanasema fosforasi "inatosha" na pH, kile kipimo cha asidi ya udongo, ni 8.1. Inatosha vipi na mahindi yamekaa vile?

Muuzaji wa pembejeo akaniambia fosforasi iko tele ila imefungwa na mawe, akaniuzia chupa ya bakteria wa kuifungua. Nikawachanganya na samadi ya ng'ombe, nikamwagia nusu ya shamba. Nusu hiyo sasa imechangamka, ile nyingine imebaki palepale. Wenye ujuzi, hii ni kazi ya bakteria au ya samadi? Msimu wa vuli nataka kununua za shamba zima na bei yake si ya mchezo.

#2 Kijana_wa_Tudor
Zambarau si ya baridi? Kwa shangazi yangu Nyandarua mahindi machanga hugeuka hivyo asubuhi zikiwa kali.

#3 Mvita_Mzaliwa
Baridi Shanzu, mwezi wa Mei? Labda awe analima ndani ya friji la samaki.

#4 Mwalimu_Kemia
Kijana #2 hajakosea kwa Nyandarua. Baridi hupunguza kasi ya mizizi, mmea ukakosa fosforasi ingawa ipo. Huku kwetu tutafute sababu nyingine.

Shanzu, fosforasi yote iliyomo udongoni mara nyingi ni mamia ya miligramu kwa kila kilo. Lakini ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, ambayo ndiyo mzizi huinywa, aghalabu haifiki hata miligramu moja kwa lita. Mmea huichukua katika sura mbili tu, H₂PO₄⁻ na HPO₄²⁻. Kwenye pH ya 8 juu ya mawe ya chokaa, kalsiamu imejaa kila mahali, na fosfati ikitokea tu hudakwa. DAP yako iliyeyuka, mahindi yakawahi kidogo, iliyobaki ikashikana na kalsiamu na kurudi kuwa jiwe.

Bakteria hao wapo kweli, si hadithi ya muuzaji. Bacillus, Pseudomonas na Enterobacter ndio wanaotajwa zaidi, na kwa upande wa kuvu kuna Penicillium na Aspergillus. Wanaishi pembezoni mwa mzizi, wanakula sukari inayovuja humo, na wanatoa asidi, hasa ile ya glukoniki. Asidi inafanya kazi mbili kwa pamoja: inashusha pH ya mahali pale padogo, na inaikamata kalsiamu ili fosfati iachiliwe. Kuna pia fosforasi iliyofungwa ndani ya mabaki ya mimea na mavi ya wanyama. Hiyo haitaki asidi, inataka vimeng'enya vya kuikata, viitwavyo fosfatasi, na bakteria wengi wanavyo. Kwa hiyo samadi yako na bakteria wako huenda walisaidiana.

#5 Mama_Kitalu_Likoni
Mimi nasema wanafanya kazi, na sisemi kwa kusikia. Nina kitalu Likoni. Miche ya mipapai niliigawa, udongo mmoja, samadi moja, maji ya kisima kimoja, nusu nikaitia chupa na nusu nikaiacha. Wakati wa kuipeleka shambani nilipasua viriba, na ile ya chupa ilikuwa na mizizi myembamba mingi, mpaka udongo umeshikana wote. Wateja waliichagua hiyo kwanza bila kuambiwa kitu.

Lakini niseme na la pili. Nilipoipanda yangu mwenyewe shambani, ikashika mvua za vuli, sikuweza tena kujua upi ni upi.

#6 Mchimba_Udongo
Mama Kitalu, hilo lako la pili ndilo kiini cha ubishi wote duniani juu ya bakteria hawa.

Jinsi wanavyochaguliwa ni hivi. Mwaka 1948 mtafiti wa Kisovieti, Pikovskaya, alitengeneza chakula cha maabara chenye sukari na unga mweupe wa fosfati ya kalsiamu. Sahani inakuwa na ukungu kama tui. Bakteria anayeyeyusha fosfati anaacha duara angavu kumzunguka. Njia hiyo inatumika hadi leo, na ni nzuri kwa kuona nani anatoa asidi. Ila kwenye sahani bakteria amepewa sukari atakavyo, hana mshindani, na fosfati aliyowekewa ni ya aina nyepesi kuyeyuka. Shambani anakuta njaa, anakuta maelfu ya wenyeji waliozoea udongo ule, na anakuta viumbe vya kumla.

Na Shanzu ana tatizo la ziada ambalo Mwalimu #4 hakuligusa. Jiwe la matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu. Asidi yoyote inayotoka kwa bakteria inakutana kwanza na kaboneti na kuishia hapo kabla haijaifikia fosfati. Shamba zima la chokaa dhidi ya tone la asidi, nani atashinda?

Wasovieti walisambaza bidhaa ya namna hii kwa wingi miaka ya 1950, ikiitwa Phosphobacterin, ndani yake Bacillus megaterium. Wamarekani walipoijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuyaona manufaa yaliyokuwa yakitangazwa. Tangu hapo kuna majaribio yanayofaulu na mengine yanayokwama, na hakuna awezaye kumwambia mkulima kabla ya kupanda kuwa lake litakuwa lipi.

#7 Mwalimu_Kemia
Mchimba, hoja ya kaboneti nimeikubali nusu. Bakteria hana haja ya kugeuza shamba zima. Fosfati husafiri polepole mno udongoni, mzizi unanufaika na ile iliyo milimita moja au mbili kutoka ulipo. Bakteria akikaa juu ya mzizi wenyewe, asidi ikatoka hapo hapo, kile kipande kidogo kinaweza kushuka pH hata kama pembeni ni 8.1. Kinachohitajika ni wingi wao mahali hapo.

#8 Mchimba_Udongo
Na nani anakuhakikishia wingi huo baada ya wiki chache? Hapo ndipo penye tabu.

#9 Dada_Mishomoroni
Naomba kueleweshwa. Si hawa ndio wale wa kwenye vinundu vya kunde, wanaotoa mbolea hewani?

#10 Mwalimu_Kemia
Hapana dada, wale ni raizobia, kazi yao ni nitrojeni. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, kwa hiyo wana pa kuchota. Biofix iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi ni ya hao raizobia. Fosforasi haimo hewani. Bakteria wa fosfati haongezi hata chembe, anahamisha tu iliyopo kutoka jiweni kuja majini. Ukivuna gunia baada ya gunia bila kurudisha kitu, ipo siku hata bakteria hodari atakosa cha kuyeyusha. Hilo wauzaji hawalitaji.

#11 Mazeras_Kwetu
Mnavyozungumza ni kama Mombasa nzima imekaa juu ya tumbawe. Ukitoka kisiwani ukapita Changamwe unaingia kwenye udongo mzito wa miamba ya tope, na ukipanda huku kwetu Mazeras ni mchanga wa mawe ya juu, mwekundu, pH yangu ilikuja 5 na kidogo. Jirani yangu alinunua chupa ile ile ya Shanzu. Hakuona kitu kabisa.

#12 Mchimba_Udongo
@Mazeras_Kwetu ahsante, hili ni muhimu. Kwenye udongo wenye asidi fosfati haikushikwa na kalsiamu, imeshikwa na chuma na alumini. Bakteria aliyechaguliwa kwenye sahani ya fosfati ya kalsiamu amefuzu mtihani usiohusu shamba lako. Wapo wanaoweza chuma na alumini, lakini ni wachache, na lebo ya chupa haikuambii.

#13 Tanga_Raha
Wadau, poleni na chupa. Sisi Tanzania tunayo fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Ni mawe yaliyotokana na mavi ya ndege na mifupa ya samaki wa ziwa la kale. Inasagwa, unamwaga shambani, kwisha. Vukeni Lunga Lunga mje mchukue.

#14 Mazeras_Kwetu
Hiyo inanifaa mimi. Hata Magharibi mwa Kenya imetumika sana kwa sababu udongo wao una asidi.

#15 Mchimba_Udongo
Kwa Mazeras sawa, kwa Shanzu hapana. Minjingu huyeyuka vizuri kuliko mawe mengi ya fosfati, lakini inahitaji asidi ya udongo kuiyeyusha. Ukiimwaga juu ya tumbawe umeongeza jiwe juu ya jiwe. Tanga_Raha, ndugu yangu, utamuuzia Shanzu changarawe.

#16 Tanga_Raha
Mkuu #15, na ikichanganywa na bakteria kwenye lundo la mboji kwanza, kabla ya kwenda shambani? Mboji inapoanza kuoza inatoa asidi na sukari ipo. Huku kuna wanaofanya hivyo.

#17 Mwalimu_Kemia
Hilo ni wazo zito. Ndani ya lundo hakuna kaboneti ya kuinyonya asidi yote, na bakteria wana chakula. Ikishaiva, sehemu ya fosforasi imo ndani ya miili ya bakteria wenyewe, na wakifa au wakiliwa udongoni inatoka kidogokidogo karibu na mzizi.

#18 Babu_wa_Kuze
Vijana, asalaam aleikum. Sisi tulipokuwa wadogo hapa Mji wa Kale, vichwa vya samaki na miba havikutupwa. Vilizikwa chini ya mpapai na mchicha, na mchicha ule ulikuwa na majani kama masikio ya tembo. Hakuna aliyenunua chupa.

#19 Mchimba_Udongo
Aleikum salaam mzee wetu. Miba na mifupa ni fosfati ya kalsiamu, ndugu wa jiwe la Shanzu, nayo kwenye tumbawe huoza taratibu sana. Nadhani mchicha ule ulinawiri zaidi kwa nyama iliyobaki kwenye vichwa, maana hiyo ina nitrojeni na mchicha unaipenda.

#20 Babu_wa_Kuze
Wewe unadhani, mimi niliula.

#21 Mama_Kitalu_Likoni
Hahaha, babu amemaliza. Ila hata kichwa cha samaki kikioza kuna bakteria na asidi pale, Mchimba. Usimnyime mzee haki yake. Jambo la kukataza kwenye udongo wa matumbawe ni majivu ya jikoni. Wamama wengi wanayamwaga kwa kudhani ni mbolea ya kila udongo, na pH inazidi kupanda. Majivu mpelekeeni Mazeras.

#22 Mazeras_Kwetu
Nayapokea yote.

#23 Feri_Asubuhi
Shanzu hujatuambia chupa ilikaa wapi kabla ya kuinunua, na ulichanganya na maji gani. Nimeuza pembejeo zamani, najua rafu za dirishani.

#24 Shanzu_Shambani
Ilikuwa rafu ya mbele, jua la mchana linaipata. Maji ni ya kisima changu, yana chumvi kidogo. Lebo imeandika Bacillus na Pseudomonas pamoja.

#25 Feri_Asubuhi
Basi Pseudomonas nina wasiwasi nao, joto la dirisha la Mombasa si la kuwaweka hai. Bacillus hujifungia ndani ya spora ngumu, huyo angevumilia. Maji ya kisima ni afadhali kuliko ya bomba yaliyotiwa klorini. Wanaotumia ya bomba wayaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza.

#26 Bamburi_Mivinje
Nashangaa hakuna aliyetaja machimbo ya Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye jiwe tupu la matumbawe lililobaki baada ya kuchimba malighafi ya saruji, udongo hakuna kabisa, maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti na zikashika tatu: mvinje, mnazi na damas. Leo ndiyo Haller Park, msitu mzima. Kama mvinje umepata fosforasi ndani ya jiwe lile, basi bakteria wanafanya kazi. Ushahidi uko kando ya barabara, mwende mkautazame.

#27 Mwalimu_Kemia
Mfano mzuri, lakini tuuweke sawa. Bakteria anayejulikana kwa mvinje ni Frankia, anakaa kwenye vinundu vya mizizi na kazi yake ni nitrojeni. Kwa fosforasi, baadhi ya miti ya jamii ya mvinje huotesha mizizi ya vishada, midogo na mingi mahali pamoja, ambayo yenyewe inamwaga asidi. Mti unaweza kuwa umejifungulia bila kumsubiri bakteria.

#28 Bamburi_Mivinje
Na majongoo je? Majani ya mvinje yalikuwa yanaanguka na hayaozi, mpaka Haller alipoleta majongoo wakubwa wenye miguu myekundu wakawa wanayatafuna. Mavi yao yakawa chakula cha bakteria, udongo ukaanza kujengeka. Kazi ile yote ni ya viumbe hai, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye chupa. Shanzu yuko karibu na Bamburi, udongo wa msitu ule umejaa wenyeji waliokwisha kuzoea tumbawe. Kwa nini tununue wageni waliotengenezwa mbali?

#29 Kijana_wa_Tudor
Kwa hiyo Shanzu akaibe majongoo?

#30 Bamburi_Mivinje
Asiibe kitu, ni hifadhi ile. Atandaze majani makavu na mabua kwake, majongoo watakuja kwa miguu yao, wanayo ya kutosha.

#31 Mkunde_Kongowea
Nimesoma hadi hapa, na kuvu wa maikoriza hajatajwa na mtu. Ndiye ningemshuku wa kwanza. Nyuzi zake zinaingia ndani ya mzizi, na upande wa nje zinatambaa sentimita kadhaa, mbali kuliko vinyweleo vya mzizi vinavyofika, kuleta fosfati. Muhogo unamtegemea sana, ndiyo maana unasimama kwenye udongo ambao mahindi yanalia. Na mmea ukipewa mbolea nyingi ya fosfati unamfukuza, haumlishi tena. Shanzu alirundika DAP shimoni. Huenda alimfukuza mwenyeji wake, kisha samadi ikamrudisha.

#32 Mchimba_Udongo
Inawezekana. Tena mizizi mingi myembamba ya Mama Kitalu (#5) ina maelezo mengine pia: bakteria wengi wa mizizini hutoa homoni ya kuchochea mizizi. Mche unaota mizizi zaidi, unafikia fosforasi zaidi, na hakuna jiwe lililoyeyushwa.

#33 Maabara_Nyali
Kuhusu majibu ya "inatosha" (#1), uliza walitumia njia gani. Baadhi ya maabara hutumia Mehlich 3, ambayo ni mchanganyiko wenye asidi. Kwenye udongo wa chokaa asidi hiyo inaweza kuyeyusha fosfati ya kalsiamu ambayo mahindi hayaifikii, ukaambiwa unayo tele. Au chokaa ikaimaliza nguvu asidi, ukaambiwa huna. Njia ya Olsen, ya mwaka 1954, hutumia bikaboneti ya sodiamu ya pH 8.5 na ilibuniwa kwa udongo kama huo. Rudia kwa Olsen kabla hujanunua chupa nyingine. Na tazama majani machanga: yakiwa na mistari myeupe kando ya mshipa wa kati, hiyo ni zinki, na fosfati ikizidi inaikandamiza zinki zaidi. Yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma. Kwenye pH 8 vyote hivyo huadimika, na samadi huvisaidia vyote.

#34 Shanzu_Shambani
Majani machanga yalikuwa na mistari, sasa unanitia wasiwasi. Ila zambarau ya chini ilikuwepo pia, nina picha. Ahsante, nitaomba Olsen.

#35 Mwalimu_Kemia
Upungufu mmoja haufukuzi mwingine. Vuli hii gawa vipande: samadi peke yake, samadi na chupa, samadi na chupa iliyochemshwa. Cha tatu ni muhimu kwa sababu ndani ya chupa kuna molasi na virutubisho vyenyewe. Kama iliyochemshwa inafanya sawa na nzima, basi umelipia molasi.

#36 Feri_Asubuhi
Kuchemsha hakutoshi, Mwalimu. Nilisema #25, Bacillus ana spora. Sufuria ikitokota, spora zinabaki hai, utalinganisha hai na hai. Inahitaji presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi.

#37 Mkunde_Kongowea
Na hata hapo hujamtenganisha maikoriza. Chimbua mizizi ya kila kipande uihifadhi, maabara wataipaka rangi waone nyuzi. Halafu usipande kunde kwenye majaribio hayo. Kunde ikichota nitrojeni kwa vinundu huachia asidi mizizini yenyewe, itakuharibia hesabu. Panda mahindi tena.

#38 Mazeras_Kwetu
Na mbaazi?

#39 Mkunde_Kongowea
Mbaazi ndiyo dawa yako wewe, si ya Shanzu. Mizizi yake inamwaga asidi ya pisidiki, inayoikamata chuma na kuachilia fosfati iliyoshikwa nayo. Watafiti wa Kijapani na wenzao waliligundua hilo huko India, kwenye udongo mwekundu. Panda mbaazi, kisha mahindi yafuate baada yake.

#40 Babu_wa_Kuze
Na zikivunwa zije na tui, mahamri nitatoa mimi.

#41 Mchimba_Udongo
Babu, tutakuja. Shanzu, kila kipande kirudie mahali tofauti shambani, usiweke vya chupa vyote upande mmoja. Kina cha udongo wako kinabadilika kila hatua, na upande wenye udongo mwingi utashinda bila bakteria wala samadi. Hata masika hii sina hakika nusu yako iliyochangamka si ile yenye jiwe la chini zaidi.

#42 Shanzu_Shambani
Jembe litasema, nitapima kina kabla ya kugawa. Nimebakiwa na tatizo la presha. Nani ana sufuria ya presha ya kuniazima, ile kubwa?

#43 Mama_Kitalu_Likoni
Ninayo mwanangu. Ivushe feri salama, na irudi na kifuniko chake.